Mjadala (Januari 2026): Nyota wa besiboli auzwe kabla mkataba haujaisha, au alipwe abaki?

Mto Merrimack (Lowell, Massachusetts)

Wadau, nitangulize ushabiki wangu mezani ili asije mtu akanishika nao baadaye. Mimi ni Mkenya, nakaa Lowell, na timu yangu ni Red Sox, timu ya besiboli ya Boston.

Mwaka 2012 hapa mjini kulikuwa bado na timu ya ligi ndogo, Spinners, iliyokuwa ikiwalea vijana wa Red Sox. Uwanja uko kando ya mto, jioni mbu ni wengi kuliko watazamaji. Kulikuwa na kijana mwembamba wa miaka 19 ambaye msimu mzima hakupiga hata mpira mmoja wa kuvuka ukuta. Mzee aliyekaa pembeni yangu alitikisa kichwa akasema huyu mtoto hafiki mbali. Mtoto mwenyewe alikuwa Mookie Betts.

Mwaka 2018 akawa mchezaji bora wa American League, moja ya ligi mbili kuu za besiboli, Red Sox ikashinda mechi 108 na kubeba ubingwa. Februari 2020, akiwa amebakiza mwaka mmoja kwenye mkataba, tukampeleka Dodgers pamoja na mrushaji David Price. Tukapewa Alex Verdugo, Connor Wong na Jeter Downs. Downs alituchezea mechi 14 tu, basi. Verdugo tukaja kumwachia aende Yankees, tena mahasimu wetu Yankees! Aliyebaki ni Wong. Dodgers nao walimfunga Betts kwa miaka 12 na dola milioni 365 kabla hajawachezea hata mechi moja ya ligi. Ameshatwaa nao ubingwa 2020, 2024 na 2025.

Wazee wa hapa hawakosi kukumbusha kwamba Babe Ruth aliuzwa kwa Yankees Desemba 1919, na Boston ikakaa bila ubingwa toka 1918 hadi 2004. Mimi si mtu wa laana na mizimu. Naangalia hesabu.

Msimamo wangu ni huu, na ndio naleta tuujadili: kuuza nyota si kosa. Kosa ni kumuuza ili upunguze bili. Desemba 2024 sisi ndio tulikuwa wanunuzi. Tulitoa chipukizi wanne, akiwemo Kyle Teel ambaye watu walimlilia, tukamchukua Garrett Crochet kutoka White Sox. Miezi michache baadaye tukamsainisha miaka sita, milioni 170. Msimu wa 2025 ameshinda mechi 18, kapoteza 5, na kuwatoa wapigaji 255 kwa straiki (mpigaji anashindwa mara tatu, anatoka). Pale walijua wanataka nini: mrushaji wa kwanza wa mkono wa kushoto, awepo miaka mingi. Kwa Betts walitaka nini? Walitaka kushuka chini ya kiwango cha kodi ya anasa, ile inayotozwa timu mishahara yake ikipita kiwango fulani. Walishuka, hongera kwao. Mwaka ule ule tukamaliza mkiani mwa kundi letu.

Sasa Januari hii Alex Bregman ameenda Cubs kwa miaka mitano, milioni 175. Rafael Devers tulishamtoa Juni 2025. Mwaka jana tulikuwa na wachezaji wawili wa besi ya tatu (walinzi wa kituo cha tatu uwanjani) wakigombea kiti, mwaka huu kiti kinatafuta mtu. Semeni.

Mgeni Jukwaani (Dar es Salaam)

Mkuu, mimi ni mtu wa soka, besiboli naifuata kwa kudokoa. Hebu nieleweshe. Huku Simba au Yanga wakimtaka mchezaji wanalipa ada kwa klabu yake, halafu wanakaa na mchezaji wakubaliane mshahara. Akikataa, dili limekufa. Wewe unasema Devers "tulimtoa". Yeye mwenyewe alisemaje?

Mto Merrimack

Swali zuri, kaka. Kule klabu haziuziani kwa ada, zinabadilishana watu, na pesa kidogo ikiongezwa ni ya kusaidia mishahara. Mkataba unahama na mchezaji jinsi ulivyo. Kauli hana, labda awe na kipengele cha kukataa kuhamishwa, au awe ametimiza miaka 10 kwenye ligi kuu na mitano ya mwisho iwe kwenye timu hiyo hiyo. Devers alipiga mpira wa kuvuka ukuta dhidi ya Yankees Juni 15, tukashinda 2-0, na jioni ile ile akawa mali ya San Francisco.

Kingine: kijana akipanda ligi kuu, timu inammiliki miaka sita. Mitatu ya kwanza analipwa karibu na kima cha chini, inayofuata anavutana na timu mbele ya msuluhishi, ndipo anakuwa huru. Kwa hiyo mwaka wa tano kila timu inajiuliza lile swali nililoweka juu.

Milwaukee Kwenye Baridi

Ndugu yangu wa Lowell, wewe unalia na sahani imejaa. Njoo kwetu Milwaukee, mji mdogo, pesa ya televisheni ndogo. Sisi kuuza ndiyo kazi, na tunaijua.

Agosti 2022 tulimpeleka Josh Hader San Diego. Tulikuwa tunaongoza kundi! Watu walivua jezi. Na kweli tukakosa mchujo (mtoano wa baada ya msimu) mwaka ule, sitawaficha. Lakini fuata mnyororo. Kati ya wanne tuliopewa alikuwemo kijana mwenye mbio, Esteury Ruiz. Desemba ile ile tukamtumia Ruiz kwenye mabadilishano ya timu tatu tukampata William Contreras, mdakaji ambaye sasa ndiye nguzo yetu. Februari 2024 akaondoka Corbin Burnes kwenda Baltimore, tukapata Joey Ortiz, DL Hall na nafasi ya kuchagua chipukizi. Desemba 2024 akaondoka Devin Williams kwenda Yankees, akaja Nestor Cortes na Caleb Durbin. Cortes hakudumu, Durbin akawa mtu wetu wa besi ya tatu.

Jumlisha: 2025 tumeshinda mechi 97, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi nzima. Mkulima hali mbegu, lakini pia haiachi iozee ghalani.

Kaka wa Baltimore

Milwaukee, usitutaje bila kumalizia hadithi. Burnes mlimleta kwetu akiwa amebakiza mwaka mmoja tu. Mimi nilishangilia, nikawapigia simu hadi watu wa Tanga ambao hawajui besiboli ni nini. Akatupa mwaka mzuri, kashinda mechi 15. Oktoba ikafika, mchujo na Kansas City. Burnes akarusha vipindi vinane, karuhusu mbio moja, yaani pointi moja. Moja! Tukafungwa 1-0. Kesho yake tukafungwa 2-1, tukarudi nyumbani. Mwisho wa mwaka Burnes akasaini Arizona, miaka sita, milioni 210.

Kwa hiyo kabla hatujamsifu anayeuza na kumcheka anayeng'ang'ania, tumkumbuke anayenunua. Tulitoa vijana wawili na nafasi ya chipukizi, tukanunua mechi moja ya mchujo ambayo wapigaji wetu hawakupata hata mbio moja. Mrushaji hakuwa tatizo. Tuliziba paa wakati ukuta ndio ulikuwa na ufa.

Ajabu ya mambo, Juni 2025 Burnes akafanyiwa upasuaji wa kiwiko huko Arizona. Ningekuwa mimi ndiye niliyempa miaka sita, ningekuwa nalala macho wazi. Hili Lowell hulisemi: ukimlipa nyota, umenunua pia kiwiko chake.

Shangazi Besi ya Tatu

Nimewasoma wote, na wote mnaongea kama wahasibu wa tajiri. Pesa si zenu!

Lowell, mwanangu, wenye Red Sox ni Fenway Sports Group. Hao hao ndio wenye Liverpool tangu 2010. Aprili 2025 Salah, miaka 32, amepewa mkataba mpya. Septemba wakatoa pauni milioni 125 kwa Isak, rekodi ya Uingereza. Betts alikuwa na miaka 27 alipoambiwa pesa haitoshi. Mfuko ni mmoja, mkono mmoja unafunguka Anfield, mwingine unafumba Boston. Msiniambie habari ya bili.

Na Devers mnamsema vibaya bure. Januari 2023 walimpa miaka kumi, milioni 313.5, akiwa mtu wa besi ya tatu. Miaka miwili baadaye wakamleta Bregman, wakamwambia Devers aachie glavu yake awe mpigaji tu. Akanung'unika, akakubali. Mei, Triston Casas wa besi ya kwanza akachanika kano ya goti, wakamrudia Devers: haya, sasa chukua glavu ucheze besi ya kwanza. Akasema hapana. Hata mimi ningesema hapana. Mtu huhamishwi chumba kila wiki kwenye nyumba uliyoambiwa ni yako.

Mto Merrimack

Shangazi shikamoo. Kwa Liverpool umenikata maini, sina jibu.

Kwa Devers tutatofautiana kidogo. Hakuandikwa nahodha, lakini mshahara ule ni wa nahodha. Timu imevunjika goti, wewe uko mzima, chukua glavu. Ninachokubaliana nawe ni kwamba waliompanga ndio walioanza kuharibu. Na tazameni tulichopata: Jordan Hicks, Kyle Harrison, James Tibbs na kijana Jose Bello. Tibbs hakumaliza hata miezi miwili, tukamtoa Dodgers kwa Dustin May. Nafuu kubwa ilikuwa San Francisco kubeba mkataba mzima uliobaki. Bili tena. Ndiyo maana nasema ugonjwa ni ule ule wa 2020, umebadilisha shati.

Ila tulimaliza na ushindi 89 na kuingia mchujo bila yeye, hilo nalo liandikwe. Yankees wakatutoa.

Milwaukee Kwenye Baridi

Shangazi anasema pesa si zetu, sawa. Lakini sheria ni ya wote, na sheria haiko sawa. Ushindi wetu 97 ulitufikisha wapi? Dodgers walitufunga mechi nne kwa sifuri. Ile ya nne Ohtani alirusha vipindi sita, akatoa wapigaji kumi, kisha mwenyewe akapiga mipira mitatu ya kuvuka ukuta. Mtu mmoja! Mkataba wake ni milioni 700 kwa miaka kumi, lakini kila mwaka anachukua milioni 2, zile 68 nyingine watamlipa kuanzia 2034. Mpira wa vikapu wana kikomo cha mishahara, hoki wana, futiboli ya Marekani wana. Besiboli tu ndiyo haina, ina kodi ya anasa ambayo tajiri anailipa kama anavyolipa maegesho. Wekeni kikomo, mjadala huu wa kuuza nyota utapungua nusu.

Shangazi Besi ya Tatu

Utapungua kwa nani? Kikomo kinabana mshahara wa mchezaji, hakibani faida ya mwenye timu. Chama cha wachezaji kimekikataa miaka yote, na 1994 walipogoma kwa sababu hiyo World Series haikuchezwa kabisa. Mkataba wa pamoja unaisha Desemba 1, 2026. Mkianza kushangilia kikomo leo, mjiandae 2027 kukaa bila mpira.

Kama mnataka usawa, ulizeni kwanza matajiri wa timu ndogo wanafanya nini na fedha wanazogawiwa na timu kubwa.

Kaka wa Baltimore

Hapo kwenye fedha za mgao, shangazi, naunga mkono kwa mikono miwili na miguu.

Ila kuna njia ya tatu hamjaigusa: kumfunga kijana mapema kabla hajawa nyota. Lowell, nyie mmeifanya sana.

Mto Merrimack

Tumeifanya, na matokeo ni mchanganyiko. Ceddanne Rafaela, miaka minane, milioni 50, Aprili 2024: anadaka kila kinachoruka, pesa yake naiona halali. Roman Anthony, miaka minane, milioni 130, alisaini Agosti 2025 akiwa na wiki chache tu ligi kuu: nalala usingizi. Kristian Campbell, miaka minane, milioni 60, Aprili 2025: Juni alikuwa amesharudishwa ligi ndogo. Bado ni mdogo, huenda akainuka. Lakini kumfunga mapema ni kununua embe likiwa bichi. Bei ni ndogo kwa sababu hujui kama litaiva.

Na hapa ndipo pananiuma sasa hivi. Kwa walinzi wa nyuma kabisa uwanjani tuna Anthony, Rafaela, Wilyer Abreu na Jarren Duran. Wanne kwa nafasi tatu. Duran hajafungwa kwa mkataba mrefu, kila wiki anatajwa kuuzwa. Kwa hoja yangu mwenyewe ya juu, besi ya tatu iko wazi, basi Duran aende, aje mtu wa besi ya tatu. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu nikaifuta.

Mgeni Jukwaani

Mkuu kwa nini uifute, si ndiyo msimamo wako?

Mto Merrimack

Kwa sababu mimi ni shabiki, kaka. Meneja mkuu ni mwingine, analipwa kwa roho ngumu.

Shangazi Besi ya Tatu

Duran asiguswe. Akiguswa nahamia Toronto.

Kaka wa Baltimore

Shangazi, Toronto walipoteza fainali mechi ya saba kwa Dodgers juzi tu. Utakuwa unahamia msibani.

Lowell, sema jina. Duran aende, aje nani?