Mrejesho: yule mtoto anayekimbia darasani

Habari zenu. Mwezi uliopita niliuliza: ni mwalimu pekee wa elimu maalumu shuleni kwetu, Tanga, nina mtoto mwenye usonji anayekimbia darasani, na sina wa kushauriana naye.

Ahsanteni sana, nimepata wenzangu wawili wa shule za jirani. Ijumaa jioni tunakutana Ngamiani, kila mmoja na daftari lake: kabla kulitokea nini, mtoto akafanya nini, baada yake akapata nini. Majina ya watoto hatutaji.

Dada mmoja alisoma kurasa zangu akauliza, "Mbona kila mara ni baada ya kengele?" Kengele yetu ni rimu ya gari, inagongwa kwa nondo dirishani kwetu. Siku kumi naandika, sikuliona! Sasa mimi na mtoto tunatangulia kutoka kabla haijagongwa, tunakaa chini ya mwarobaini. Wiki hii kakimbia mara moja tu.