Mkurugenzi wa fedha anayeitaka Ironman 70.3 ya Rubavu: muda nautoa wapi?

Baba_Ntinda
Salaam jamani. Ni mkurugenzi wa fedha hapa Kampala, miaka 44. Nataka kushiriki Ironman 70.3 ya Rubavu, Rwanda, yale mashindano ya triathloni: kuogelea kilomita 1.9 Ziwa Kivu, baiskeli kilomita 90, kisha mbio kilomita 21.1. Mbio naziweza, baiskeli ninayo, kuogelea najikongoja. Shida ni muda. Natoka kazini saa moja jioni, na foleni ya Jinja Road inanimaliza. Sasa naamka saa tisa usiku, na mama watoto amechoka nami. Wenye vyeo mnaoshindana, mnawezaje?

Dada_Kiwatule
Kaka, hiyo saa tisa iache leo. Mwili hujijenga usingizini. Mimi naongoza kampuni ya vifaa vya hospitali, na Rubavu naijua tangu mashindano yaanze kule mwaka 2022.

Muda utoe ofisini, usiutoe kitandani wala kwa familia. Kama hesabu zinasimama kwa sababu umetoka saa kumi jioni mara mbili kwa wiki, idara haijapangwa, na hilo lingekutesa hata bila triathloni. Mpe mhasibu mkuu ruhusa ya kusaini malipo ya kawaida hadi kiasi ambacho bodi imekubali. Vikao vya kupeana taarifa tu, futa, watu waandikiane. Mimi Jumanne na Alhamisi natoka saa kumi, na kwenye kalenda inayoonwa na wote pameandikwa "kuogelea". Siandiki "kikao cha nje". Bosi akificha, walio chini yake nao wataficha.

Saa hizo bwawa lina nafasi. Tafuta mwalimu akutazame mikono na pumzi, maana ziwani hakuna ukuta wa kushika wala mstari chini wa kufuata. Kila baada ya mikono kadhaa inua macho tu, yafike juu ya maji, uone boya, urudishe uso. Ukiinua kichwa kizima, miguu inazama. Hilo lifanyie mazoezi mpaka ulizoee.

Kwenye baiskeli mimi nabeba ndizi ndogo na viazi vitamu vya kuchemsha, nimevinyunyizia chumvi. Kula kabla njaa haijaja.

Mvuvi_wa_Kalangala
Naongeza la maji. Ziwa Victoria usiingie ovyo penye matete: konokono wa kichocho wanakaa humo, na vijidudu vyake hupenya ngozi. Ukishaogelea huko, kapime baada ya wiki kadhaa. Dawa ya praziquantel ipo. Ukipata nafasi nenda Ziwa Bunyonyi, Kabale, hakuna mamba wala viboko. Ila ni juu sana, karibu mita 2,000, pumzi itakata mapema. Usishtuke.

Baba_Ntinda
Asanteni sana. Nimesoma na mke wangu. Anauliza: baiskeli ya Jumamosi inaisha saa ngapi?

Dada_Kiwatule
Mwambie wifi yangu saa tatu asubuhi uko nyumbani. Toka saa kumi na moja na nusu, taa mbele na nyuma, kabla malori hayajajaa barabarani. Na Rubavu mwende wote. Mkishafika Kabale, shikeni njia ya Kisoro, mvuke mpaka wa Rwanda pale Cyanika. Ni karibu zaidi kuliko kuzungukia Kigali.