Ushauri: mtoto darasa la kwanza anaweka 10 katikati ya mstari wa namba, madrasa inahusika?

MamaYasir_Tanga: Wakuu, habari za jioni. Mwanangu yuko darasa la kwanza. Kuhesabu hadi mia hakwami. Ila ukimchorea mstari, 0 huku na 100 kule, ukamwambia aweke 10, anaisogeza karibu na katikati. 80 na 90 anazibana mwishoni kama abiria wa daladala. Mwalimu wake anasema ni madrasa: asubuhi anasoma kuanzia kushoto, jioni kuanzia kulia, basi kichwa kinachanganyikiwa. Anataka nimsimamishe chuoni. Baba yake hataki hata kulisikia hilo. Nifanyeje?

Kobe_Mzee: Wenye maduka wa Pwani wote wamepita chuoni. Nenda kakope uone kama hawajui hesabu 😂

Ticha_Mstaafu: Mama Yasir, hapo pana mambo mawili.

Kuzipa namba ndogo nafasi kubwa ni hatua ya kawaida. Mwaka 2004 Robert Siegler na Julie Booth waliwapa mstari kama huo watoto wa Marekani. Wa chekechea walifanya kama mwanao. Kufika darasa la pili wengi walikuwa wanaziachia namba nafasi sawa. Wamundurukú wa Amazoni, Brazili, hata watu wazima hupanga hivyo.

Upande wa kuanzia ndio unaohusiana na kusoma. Stanislas Dehaene na wenzake, Ufaransa, 1993, waliona watu hujibu namba ndogo upesi zaidi kwa mkono wa kushoto, kubwa kwa wa kulia. Wapalestina, wanaosoma maneno na tarakimu kuanzia kulia, walipopimwa ikawa kinyume. Kwa hiyo madrasa ingemgusa mtoto, ungeona kwenye mwelekeo. Je, 0 anaitaka upande gani?

MamaYasir_Tanga: Shikamoo mwalimu. Kushoto, hapo hakosei kabisa.

Ticha_Mstaafu: Marahaba. Basi mwache aendelee na chuo. Chukua boksi, chora vyumba 10 vilivyolingana, kwa mstari ulionyooka, 1 hadi 10. Siegler na Geetha Ramani walijaribu na wa duara, haukusaidia kama ulionyooka. Mcheze kwa dadu na kisoda. Akiwa kwenye 4 akapata 2, aseme "tano, sita" huku akisogeza, asiseme "moja, mbili". Hapo wazazi wengi hupaparuka. Akizoea, rudini kwenye mstari wa 100, aweke 50 kwanza, ndipo 10 itafutiwe mahali pake.

Binti_Korogwe: Kama dadu hamna, andika 1 na 2 kwenye vikaratasi, akunje, achague. Wangu ndivyo tunavyocheza.

MamaYasir_Tanga: Ahsanteni sana. Sasa mwalimu wake nitamwambiaje bila kumvunjia heshima?

Ticha_Mstaafu: Usibishane naye. Muombe awape mstari huohuo watoto wa darasa lake wasiosoma madrasa, mtazame karatasi pamoja.