Babu mpiganaji wa zamani ametugeuka kwenye uchaguzi

Wadau, babu yangu ana miaka 81. Alipigana vitani, goti la kushoto halikunji hadi leo. Nyumba nzima tulishampangia kura: yule jenerali mstaafu. Jana habari zikiendelea akazima redio. "Huyo simpi. Nampa mwalimu." Mwalimu huyo ndiye anayetaka kupunguza bajeti ya jeshi! Baba kanuna, hali naye meza moja. Nimuulize sababu au nimwache na siri yake?

Jibu: Muulize, lakini baba yako asiwepo. Na usianze na "kwa nini", mzee ataona kashtakiwa.

Jibu: Mnashangaa nini? Uingereza, Julai 1945, matokeo yalisubiri wiki tatu ili kura za wanajeshi walio ng'ambo zifike. Churchill, waziri mkuu aliyeongoza vita, akaanguka. Naye Eisenhower, jenerali mzima, alipokuwa akiaga urais wa Marekani mwaka 1961 alionya juu ya nguvu za jeshi na viwanda vya silaha.

Muuliza swali: Nimemuuliza akinyoa ndevu. Akasema alifuatilia malipo ya goti lake miaka sita, na wajane wa wenzake wengine hawakupata kitu. Mwalimu amewataja wajane. Jenerali, hotuba zote, vifaru tu. Kisha akaniuliza kama miwani yake imetengenezwa, maana kwenye karatasi ya kura hataki kushikwa mkono na mtu. Hasa baba.

Jibu: Hahaha, mpelekee miwani mapema!