Chai ya pakanga: dawa ya malaria au tunajidanganya?

Mleta mada: Wakuu, juzi kwenye mkutano wa kijiji bwana afya katuambia tuache kuchemsha pakanga, ile artemisia, eti si dawa ya malaria. Nikamuuliza: vidonge vya mseto mnavyotugawia kwa malaria, asili yake si mmea huuhuu? Akacheka tu. Tu Youyou wa China kapewa Nobel mwaka 2015 kwa jani hili. Kwa nini likiwa kwenye kidonge liitwe sayansi, likiingia kwenye birika liwe ushamba? Nawasilisha.

Mfamasia: Mkuu, huyo uliyemtaja ni shahidi wangu mimi. Alihangaika na jani hilo, majibu leo mazuri kesho mabaya, mpaka aliporudia maandiko ya Kichina ya zaidi ya miaka 1,600 yanayosema liloweke kwenye maji, likamue, unywe. Moto haukutajwa. Akahisi joto ndilo linaloharibu, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu. Mwaka 1972 akainywa dozi yake mwenyewe kwanza.

Tena watu wanadanganywa na pua. Ile harufu ni ya mafuta ya jani yanayoruka na mvuke: kafuri, na sineoli ileile iliyomo kwenye mkaratusi. Artemisinini, yaani dawa yenyewe inayoua vimelea vya malaria, haimo kwenye harufu hiyo, na kwenye maji haiyeyuki vizuri. Nyumba nzima inaweza kunukia na birika likawa na dawa kiduchu. Na ile pakanga ya porini milimani ni ndugu tu, artemisinini ya kuhesabika haina.

Mseto: kidonge kina miligramu 20 za artemetha, inayotengenezwa kwa artemisinini, na 120 za dawa ya pili, lumefantrini; mtu mzima anameza vinne mara sita kwa siku 3. Birika lako lina ngapi?

Mchangiaji, Kagera: Kaka mfamasia, hesabu nimekuelewa. Sasa nisikilize na mimi. Kwetu zahanati ni mwendo wa saa mbili kwa mguu. Mwaka jana nimefika na mtoto mgongoni, kapimwa, ana malaria, dawa zimeisha. Ningefanyaje, nimsomee miligramu?

Mfamasia: Pole sana dada. Hapo wa kubanwa ni wenye kuleta dawa, nami nipo upande wako. Ila huko kwenu Kagera, na Rwanda na Uganda, wameshaonekana vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini. Dozi pungufu ndiyo shule yao. Ndiyo maana WHO mwaka 2019 ilisema haiungi mkono chai wala unga wa jani hili kwa malaria.

Mleta mada: Usugu huo umeonekana kwa watu waliozoea vidonge, mkuu. Nani kathibitisha umeletwa na chai? Na kule Maniema, Kongo, si walifanya utafiti chai ikakishinda kidonge?

Mfamasia: Ulitoka 2019, kisha jarida lenyewe likauondoa. Uthibitisho kwamba chai ndiyo iliyoleta usugu sina, hilo nakubali. Lakini artemisinini hutoka mwilini ndani ya saa chache. Kwenye mseto lumefantrini inabaki kumalizia vimelea. Kwenye chai nani anabaki?

Mchangiaji mwingine: 2020 ndege ilikwenda Madagaska kufuata dawa ya pakanga ya korona. Zile chupa ziliishia wapi jamani?

Mleta mada: Usitutoe kwenye mada.

Mchangiaji, Kagera: Mimi pakanga yangu sing'oi. Mtoto akichemka mwili nitampeleka kupimwa, na safari hii nitapiga simu kwanza kuuliza kama dawa zipo. Mafua nitajifukiza. Au na nyungu ina miligramu zake?

Mfamasia: Jifukize dada. Sufuria tu iwe mbali na watoto.