Ushauri: nyuzi gani za besi zinatoa ile sauti ya bluzi-roki ya miaka ya 60?

Kidole_cha_Shahada:
Habari za jioni wakuu. Besi ni ya nyuzi nne, nakala ya Fender Precision, skeli (urefu wa uzi unaotetemeka) ya inchi 34, pikapu (sumaku inayonasa sauti) moja iliyokatwa vipande viwili, haina betri. Sasa hivi imefungwa nyuzi za raundi (waya wa nje ni wa duara) za chuma kisichoshika kutu, unene 045 hadi 100 (elfu za inchi), zinalia kama kengele ya baiskeli. Bendi ni watu watatu: besi, ngoma na gitaa moja lenye distoshen ya kutosha. Nyimbo ni za 1966 mpaka 1970 hivi, na nusu yake tunashusha nusu toni, uzi wa E unakuwa Eb. Nataka sauti nene, ya kudunda, isiyo na mkwaruzo wa vidole.

Nimeona flati, nikeli tupu na zile nyeusi za nailoni. Flati bei yake ni mara mbili au tatu ya raundi, kwa hiyo sitaki kununua kwa kubahatisha. Nianze na zipi, unene gani, na shingo itahitaji kuguswa? Natanguliza shukrani.

Fundi_Shingo:
Mkuu, kabla hujataja pakiti, chagua kwanza upande. Hicho kipindi ulichokitaja ndicho hasa kilichogawanyika. Precision ilitoka 1951, na kwa miaka ya 50 yote na sehemu kubwa ya 60 besi za Fender zilitoka kiwandani na flati, yaani waya wa nje ni bapa kama utepe na uso wa uzi ni laini kabisa. Huko ndiko waliko wapiga besi James Jamerson wa Detroit na Donald "Duck" Dunn wa Memphis. Dunn ndiye aliyemshikia besi mpiga gitaa wa bluzi Albert King pale Stax, kampuni ya rekodi ya Memphis, kwa hiyo hiyo ni bluzi yenyewe, siyo jirani yake. Halafu 1966 John Entwistle, mpiga besi wa The Who, akakaa na Rotosound, watengeneza nyuzi wa Uingereza, wakatengeneza raundi za chuma zinazolia kama waya za piano. Kuanzia hapo roki ya Waingereza ikabadilika sauti.

Ukisema "nene, ya kudunda, bila mkwaruzo", umeshachagua upande wa kwanza. Chukua flati. La Bella 045 hadi 105 au D'Addario Chromes. Chromes mpya zina ung'avu kidogo kwa wiki za mwanzo, La Bella zinaanza zikiwa zimetulia. Seti ya Jamerson ni La Bella 052 hadi 110. Usianze nayo, ni kama kupiga nyaya za umeme, na shingo nyembamba ya nakala inaweza kugoma.

NikeliTupu:
Naomba kupinga kidogo. Mkuu amesema gitaa lina distoshen na bendi ni watu watatu. Flati zina sauti nzuri ukiwa peke yako chumbani, lakini ukiingia na gitaa lililochemka, sauti yake nyingi iko chini ya pale sikio linaposhika nota. Msikilizaji anasikia ngurumo, hajui umepiga G au A. Katika bendi ya watu watatu besi ndiyo inayojaza nafasi ya gitaa la pili, inahitaji ukingo kidogo, yaani ukali wa kuitambulisha nota.

Ushauri wangu: raundi za nikeli tupu, siyo chuma kilichopakwa nikeli na siyo hizo ulizonazo. Nikeli tupu ina mvuto mdogo wa sumaku kuliko chuma, kwa hiyo inatoka tulivu zaidi tangu siku ya kwanza. Zipige wiki tatu bila kuzifuta. Jasho na uchafu vinaingia kati ya mizunguko ya waya, ule mlio wa juu unakufa, unabaki na mwili wa sauti. Ukiwa unaishi pwani, joto na chumvi vinakufanyia kazi hiyo bure. Kisha kinobu cha toni kiweke kwenye 4 badala ya 10. Ukihitaji kukata kwenye solo, unakifungua. Mwenye flati akikifungua hakuna kinachotoka.

Fundi_Shingo:
Hoja ya ukingo nakubali, ila dawa yake iko kwenye ampu. Punguza besi kwenye ampu, ongeza mid (sauti za kati) karibu na 700 hadi 800 Hz, nota inaonekana. Watu wengi hufunga flati kisha wanaongeza besi juu yake, halafu wanalaumu nyuzi.

Hesabu_za_Waya:
Wote mmesahau Eb. Mvutano wa uzi unafuata mraba wa masafa. Kushusha nusu toni kunapunguza masafa kwa karibu asilimia 5.6, na mvutano kwa karibu asilimia 11. Uzi wa E wa 100 ukiushusha unakuwa kamba ya nguo: unagonga freti (vile vyuma vya shingoni) ukipiga kwa nguvu, na nota inaanza juu kisha inashuka. Kwa hiyo E iwe 105 angalau, flati au raundi.

Kwa sababu hiyohiyo nisingechukua Thomastik Jazz Flats (043 hadi 100). Ni nyuzi tamu na laini mkononi, ila mvutano wake ni mdogo tayari, ukizishusha Eb na mpiga ngoma akachangamka zitayumba.

Kwa wanaosoma wakiwa na besi fupi ya inchi 30: uzi uleule, sauti ileile, mvutano unapungua karibu asilimia 22. Tena nunua seti ya skeli fupi. Ukifunga seti ndefu, sehemu nene ya uzi inazunguka kwenye kigingi (pale uzi unapofungwa kichwani) na waya wa nje unapasuka.

Za nailoni ziache. Ni nene mno (seti moja ya La Bella ina E ya 115) na sauti inaelekea besi ya kusimama, siyo roki.

Dada_Besi:
Basi akienda na flati 045 hadi 105, kazi iko kwenye kufunga. Flati ikifungwa vibaya haisameheki.

Badilisha mmoja mmoja ili shingo isilegee yote kwa pamoja. Vuta uzi mpaka sentimita 10 hadi 12 kupita kigingi chake. Hapo ukunje kwanza pembe kali kwa koleo, ndipo ukate mbele ya kunjo. Ukikata kabla ya kukunja, utepe wa nje unaweza kulegea ndani na uzi ukafa moja kwa moja. Ncha iingize kwenye tundu la katikati ya kigingi, mizunguko miwili au mitatu ikishuka chini. Ile hariri ya rangi mwishoni mwa uzi isikalie nati (kipande chenye mifereji juu ya shingo) wala tandiko la daraja (pale uzi unapokalia upande wa mwili). Na kama besi yako ina matundu ya kupitisha nyuzi nyuma ya mwili, usiyatumie kwa flati, ile kona inavunja utepe.

Kisha shingo. Bana freti ya kwanza kwa kapo (kibano cha shingo), bonyeza uzi pale shingo inapokutana na mwili, pima nafasi kati ya uzi wa E na freti ya 7 au ya 8: milimita 0.3 hadi 0.35. Flati zina chuma kingi kuliko raundi za unene uleule, kwa hiyo shingo itapinda mbele kidogo. Kaza ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo kwa mwendo wa saa, robo mzunguko tu, subiri, pima tena. Urefu wa nyuzi juu ya freti ya 17: E milimita 2.4, G milimita 2. Kurekebisha oktava kwenye freti ya 12 fanya mwisho kabisa.

Kidole_cha_Shahada:
Asanteni sana. Nimechukua La Bella flati 045 hadi 105, zimefungwa leo. A, D na G ni kitu chenyewe kabisa. Ila E imepooza, nota yake inayumba yumba kama ni mbili. Na nikikaza kifunguo inatoa "tink!" halafu inaruka juu. Freti ya 12 pia iko juu kuliko oktava. Uzi mbovu?

Dada_Besi:
Kuyumba ni dalili ya uzi kujisokota. Ulipokuwa unazungusha kifunguo, uzi ulizunguka na ukakamatwa hivyo. Legeza, toa ncha kwenye kigingi, uachie uning'inie ujifungue wenyewe, urudishe huku umeushika kwa vidole usigeuke. Ukishakaza, bonyeza uzi kwa dole gumba mbele kidogo ya tandiko, na vilevile mbele ya nati. Flati ni ngumu, inapita juu ya tandiko kwa upinde, na mahali pa kuanzia kutetemeka panakuwa hapaeleweki. Ukiubonyeza unapata kona.

Fundi_Shingo:
"Tink" ni nati. Mfereji ulichongwa kwa 100, sasa umeweka 105, ni kutoka milimita 2.54 hadi 2.67, uzi unakwama halafu unaponyoka. Chukua uzi mkuukuu wa A, uzungushie msasa namba 400, suguza kuta za mfereji tu, mara tano au sita kisha jaribu. Ukigusa sakafu ya mfereji, freti ya kwanza itaanza kuvuma na itabidi ununue nati nyingine. Malizia na unga wa penseli.

Freti ya 12 kuwa juu: rudisha tandiko la E nyuma, mbali na shingo. Legeza uzi kabla ya kugusa skrubu. Lakini fanya hivyo baada ya kuondoa msokoto, la sivyo unapima uongo.

Kidole_cha_Shahada:
Msokoto ulikuwepo kweli, ncha ilizunguka karibu mara moja na nusu nilipoiachia. E imeamka. Nati nimesugua mara sita, "tink" imekwisha. Swali la mwisho: sponji chini ya nyuzi ni lazima?

NikeliTupu:
Si lazima. Besi za Fender za zamani zilikuwa na sponji ndani ya kifuniko cha daraja, ndiyo sehemu ya ule mdundo mfupi. Kata kipande cha sentimita 1 hivi unene, kiguse nyuzi kwa chini tu, kisizisukume juu. Kikisukuma, E na A zitapanda sauti, utarudi hapa kulalamika oktava. Mimi ningekiweka kwa zile nyimbo za polepole na kukitoa gitaa likianza kuwaka.

Hesabu_za_Waya:
Na zile raundi usizitupe. Zikunje, ziandike tarehe, weka kwenye pakiti ya flati. Flati ya G ikikatika Ijumaa usiku, duka gani litakuuzia uzi mmoja?