Kiduha kwenye mtama: palizi mara mbili na bado kinatoka. Nifanyeje?

Mlimaji_Igunga

Wakuu, salaam. Shamba ni ekari 3 za luseni (udongo wa kichanga), Igunga, mtama wa kienyeji. Ulipofika magotini ukadumaa. Majani yananyauka mchana na yana michirizi ya njano, hata siku mbili tu baada ya mvua nzuri. Wiki ya nane kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, kimeanza kuchomoza mashinani: kifupi, kama shubiri moja, maua mekundu. Palizi imeshafanyika mara mbili, na hapo awali shamba limelimwa mtama miaka minne mfululizo, mwaka mmoja tu ndio ukachanganywa na mahindi.

Naomba kujua: kung'oa sasa hivi kuna faida? Samadi ya ng'ombe inatosha au lazima mbolea ya dukani? Kuna mbegu ya mtama inayokihimili? Na dawa je? Mtaji ni mdogo, msimu ujao uwezo ni mifuko miwili mitatu ya mbolea kwa shamba zima.

Ugani_Kongwa

Ndugu, maua mekundu na kimo hicho ni Striga asiatica. Ile ndefu ya maua ya zambarau mpauko, inayosumbua sana ukanda wa Ziwa, ni Striga hermonthica. Tofauti ina maana shambani: hermonthica inahitaji wadudu wachavushe, lakini asiatica inajichavusha yenyewe. Mche mmoja uliojificha nyuma ya shina unatosha kumwaga makumi ya maelfu ya mbegu, na mbegu hizo hukaa hai udongoni zaidi ya miaka kumi.

Palizi zako hazikukosewa, ila zilipita juu ya adui. Mbegu ya kiduha hulala mpaka udongo ukae na unyevu kama wiki moja au mbili, kisha ingoje harufu ya mzizi wa mtama. Ikishaota hujishika kwenye mzizi na kuishi chini kwa chini wiki nne hadi saba bila kuonekana. Hapo ndipo mtama unaponyonywa maji na chakula, na ndiyo sababu unanyauka wakati udongo una maji. Kinapochomoza, hasara kubwa ya msimu huo imeshafanyika.

Kwa hiyo kung'oa sasa hakutakuongezea gunia mwaka huu. Ng'oa hivyo hivyo, kwa ajili ya miaka inayokuja. Pita shambani kila baada ya wiki mbili, usisubiri kichanue chote, na usiache kupita hata baada ya kuvuna, maana kinaendelea kutoka kwenye mashina yaliyobaki. Kilichokwisha toa maua usikitupe kando ya shamba, kwa sababu kikiwa kimelala pale bado kinaweza kukomaza mbegu. Kusanya kwenye mfuko (siyo kapu, mbegu ni laini kama vumbi la ugoro na zinapenya), kisha choma.

Jambo moja zaidi: kutoka mtama kwenda mahindi si kubadilisha zao. Mahindi, ulezi, mpunga wa mlimani na muwa vyote ni chakula cha kiduha.

Udongo_Kwanza

Naongeza hapo kwenye mbolea, maana ndiko wengi tunakopotea. Mzizi wenye njaa ya fosfati na naitrojeni hutoa kwa wingi kemikali ya kuwaita kuvu wenye manufaa waje wausaidie kupata chakula. Kiduha nacho huamshwa na kemikali hiyo hiyo. Luseni iliyochoka inakiita kwa sauti kubwa. Shibisha mtama mapema na wito unapungua. Ukisubiri mpaka ukione kiduha ndipo uweke urea, umechelewa.

Kwa mifuko miwili usitawanye ekari 3. Chagua ekari moja ya mtama na uihudumie sawasawa. Nafasi ya sentimita 75 kwa 30 inakupa mashimo kama 18,000 kwa ekari. Mfuko wa kilo 50 wa DAP (mbolea ya kupandia) ukigawa kwa mashimo hayo ni chini kidogo ya gramu 3 kwa shimo, yaani kama nusu ya kizibo cha soda. Iweke chini ya mbegu, fukia kidogo, ndipo uweke mbegu. Ikigusana na mbegu kwenye udongo usio na maji ya kutosha inaiunguza. Mfuko wa pili uwe urea, kiasi kama hicho kwa shimo, wiki ya tatu baada ya kuota, udongo ukiwa na unyevu, kiganja kimoja mbali na shina, na ufukie. Urea iliyoachwa juu ya mchanga wa moto inapotelea hewani. Ekari mbili zilizobaki panda zao lisilo nafaka.

Samadi ni nzuri sana, viganja viwili kwa shimo, lakini angalia inatoka wapi. Ng'ombe waliochungwa kwenye mabua yenye kiduha kilichokomaa hutoa mbegu zikiwa hai kwenye kinyesi. Samadi mbichi kutoka zizi hilo inapanda tatizo upya. Lundike, ilowanishe, ifunike, igeuze mara kadhaa mpaka lundo lipate joto na kupoa.

Mbegu_Hombolo

Mbegu ipo. Hakika na Wahi ziliidhinishwa nchini mwaka 2002; asili yake ni aina za mtama za utafiti P9405 na P9406 ya Chuo Kikuu cha Purdue, kazi ya Profesa Gebisa Ejeta wa Ethiopia, aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Mizizi yake hutoa kidogo sana ile kemikali inayoamsha kiduha. Ni fupi kuliko mtama wako wa kienyeji na zinawahi kukomaa, kwa hiyo ukizipanda peke yako katikati ya majirani wenye mtama mrefu, ndege wote watakuwa wako. Kubalianeni na jirani, au panga tarehe ya kupanda ili zikomae pamoja na mashamba mengine.

Watu wanakosea jambo moja hapa. Mtama huu hauamshi mbegu za kiduha, lakini hauziui. Zinabaki zimelala. Ukirudisha mbegu ya kienyeji baada ya miaka miwili kwa sababu "kiduha kimekwisha", utakikuta. Wa kupunguza akiba iliyo ardhini ni mazao yanayokidanganya kiote halafu kife kwa kukosa mzizi wa kushika: alizeti, ufuta, pamba, karanga, mbaazi, kunde. Marejea pia, kama unataka kurutubisha udongo. Msimu mmoja hautoshi kwa shamba lililolimwa nafaka miaka minne. Hesabu misimu miwili au mitatu, kisha urudi na Hakika au Wahi pamoja na mbolea.

Ukiweka kunde katikati ya mistari ya mtama, chagua inayotambaa, panda siku moja na mtama. Kivuli chake kinapoza udongo na kuvunja nguvu ya vinavyochomoza. Ila ukiona chini ya kunde kimea chenye maua ya njano, hicho ni Alectra vogelii, binamu yake kiduha, na kinakula kunde, njugu mawe na hata karanga. Hapo hamia alizeti au ufuta.

Ukitaka kubakiza mbegu ya Hakika, chukua masuke ya katikati ya shamba, mbali na mtama wa jirani, na upure juu ya turubai. Kupura chini ni kuchota mbegu za kiduha na kuzipeleka shamba jingine.

Nyar_Siaya

Salamu kutoka upande wa Kenya, huku tunaita kayongo. Mbinu ya sukuma-vuta iliyoendelezwa na ICIPE (kituo cha utafiti wa wadudu), yaani desmodium (mmea wa jamii ya kunde unaolishwa mifugo) katikati ya mistari na nyasi kuzunguka shamba, inafanya kazi vizuri sana kwa mahindi na mtama. Mizizi ya desmodium inaamsha kayongo kisha inazuia mzizi wake mchanga usikue. Kwa kwenu kukavu tumieni desmodium ya majani ya kijani pamoja na nyasi za brachiaria aina ya Mulato II, siyo matete.

Lakini ndugu, nikuambie wazi: mbegu yake ni bei, ni ndogo mno (ichanganye na mchanga mkavu ndipo uimwage kwenye mfereji usio na kina), na wiki sita za kwanza inataka mvua na palizi ya mkono. Mvua ikikatika mapema inakufa. Halafu mifugo ikiachiliwa baada ya mavuno itaimaliza kabla haijashika. Kama huna uzio, anza na kunde na alizeti.

Mlimaji_Igunga

Asanteni sana, nimeelewa. Dawa je? Dukani nimeambiwa 2,4-D, na jirani ana pamba upande wa magharibi.

Ugani_Kongwa

2,4-D inaua kiduha kilichochomoza na haiui mtama ikitumiwa sawasawa, lakini haifiki kilichoko chini, kwa hiyo kazi yake ni ile ile ya kung'oa: kuzuia mbegu. Pua ya bomba ielekee chini kwenye kiduha, siyo juu ya mtama, na usipige mtama ukiwa unabeba au umetoa masuke. Kipimo fuata kilichoandikwa kwenye chupa.

Kwenye shamba lenye kunde usiiguse, itaua kunde kwanza. Na pamba ni dhaifu mno kwa dawa hii: matone yanayopeperushwa tu yanakunja majani yake. Kwa ekari moja iliyopakana na pamba, ushauri ni jembe na mikono. Bomba ulilopigia 2,4-D usilipeleke kwenye pamba hata ukiliosha mara tatu, tafuta jingine.